Busta imeunganishwa, gari bado haliwaki: anza na sauti unayoisikia

Umeunganisha busta kwenye betri iliyolala, umezungusha swichi, gari limegoma. Usiilaumu busta bado, wala usikimbilie kununua betri. Sikiliza kwanza. Gari lenye njaa ya umeme hukaa kimya kabisa, au hutoa tik-tik-tik ya haraka, au tak moja nzito, au injini huzunguka kivivu kama mtu aliyeamshwa kabla ya alfajiri. Mara nyingine huzunguka vizuri tu, ila haishiki. Kila sauti ina ukoo wake wa sababu, na nimeandika kwa kufuata sauti na taa hizo badala ya majina ya vipuri, kwa sababu mtu aliyekwama hajui bado ni kipuri gani. Anachojua ni alichosikia.

Busta ninayoizungumzia ni kile kiboksi cha kubebeka chenye vibano viwili, chekundu na cheusi. Nyingi za siku hizi zina seli za lithiamu ndani na zinatosha kwenye droo ya gari. Za zamani, nzito kama tofali, zina betri ya risasi na asidi iliyofungwa. Aina ya tatu haina betri kabisa: ina kapasita kubwa zinazonyonya umeme mdogo uliobaki kwenye betri ya gari, zikaulimbikiza kwa dakika chache, kisha zikaumwaga wote kwa mkupuo mmoja. Nitataja aina pale tu inapobadilisha jibu.

Betri ambayo hutakiwi kuibusti

Fungua boneti utazame kabla ya kugusa. Betri iliyovimba ubavuni, iliyopasuka, inayovuja, au inayotoa harufu ya yai viza haibustiwi. Hiyo harufu ni gesi ya sumu, na pamoja nayo huwa kuna haidrojeni, ambayo inahitaji cheche moja tu kulipuka. Kwenye baridi kali kuna hatari nyingine: betri iliyoishiwa chaji huganda mapema kuliko iliyojaa, kwa sababu asidi yake imeshageuka karibu maji matupu. Inaweza kuganda kwenye nyuzi 7 hivi chini ya sifuri, ilhali iliyojaa hustahimili baridi kali mno kuliko hiyo. Ukiona barafu ndani au ganda limetuna, iache ipate joto kwanza, kisha ikaguliwe.

Angalia pia volti. Magari madogo karibu yote ni ya volti 12, malori mengi makubwa ni ya volti 24 (betri mbili zilizofungwa kwa mfuatano), na baadhi ya pikipiki za zamani ni za volti 6. Busta ya volti 12 ni ya mfumo wa volti 12, basi. Na busta yenyewe ikiwa imevimba tumbo, usiichaji wala usiitumie. Seli ya lithiamu iliyovimba imeshakutangazia nia yake.

Kuunganisha kwenyewe hakuna siri: zima taa, redio na feni, weka gia huru au kwenye P, vuta breki ya mkono. Chekundu kwenye kichwa cha chanya cha betri. Cheusi kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, ili cheche ikitokea isikutane na ile gesi. Vipo vifaa ambavyo kitabu chake kinataka cheusi kiende moja kwa moja kwenye kichwa cha hasi. Fuata kitabu, ila kama gari lina kisensa kidogo kilichofungwa kwenye kichwa hicho, chuma cha injini au cha bodi ndiyo mahali salama, maana sensa hiyo huhesabu umeme unaoingia na kutoka, nawe hutaki kuivuruga. Vibano vikishakaa sawa ndipo unawasha busta.

Busta haiwaki taa, au inapiga kelele badala ya kufanya kazi

Hapa ndipo watu wengi huamua kwamba kifaa ni kibovu. Mara nyingi si kibovu.

Bonyeza kitufe chake cha kuwasha ukiwa hujaunganisha kitu. Taa za kuonyesha chaji zikiwa chini ya nusu, usitegemee muujiza. Busta nyingi za lithiamu hukataa kubusti zikiwa chini ya kiwango fulani hata kama zinaweza kuchaji simu. Kama haiwaki kabisa hata baada ya kulala kwenye chaja usiku kucha, badilisha waya wa chaja kabla ya kuitupa. Kuna vifaa vyenye tundu jipya la USB-C ambavyo havijui kuzungumza na chaja za kisasa zenye waya wa C pande zote mbili. Vinachaji tu kwa waya wenye kichwa kile cha zamani, kipana cha mstatili, upande wa chaja. Ni usanifu mbaya, lakini upo sana.

Kisha kagua mahali waya wa vibano unapochomekwa kwenye kiboksi. Plagi ile, mara nyingi ya bluu, ni ngumu kuingia. Nimewahi kuhangaika karibu saa nzima gizani na busta niliyoamini imekufa, nikaitukana, nikaiweka kando, na nilipoishika tena kwa hasira plagi ikaingia kwa ndani kama nusu sentimita zaidi. Gari likawaka mara moja. Isukume hadi isimame kabisa.

Jambo la tatu ni la kiufundi na linawachanganya hata mafundi. Waya wenye kiboksi kidogo cha akili katikati hautoi umeme hadi uione betri upande wa pili. Ukiweka maltimita (kifaa cha kupimia volti na ampea) kwenye vibano ambavyo havijashika kitu utasoma sifuri, na hiyo ndiyo hali yake ya kawaida. Kiboksi kinasubiri kuonja volti chache kutoka kwenye betri ya gari ili kijue chanya ni ipi na hasi ni ipi. Sasa betri ikiwa imekauka kabisa, chini ya volti 2 au 3 hivi, hakionji kitu, kwa hiyo hakifungui mlango. Taa haiwaki, nawe unadhani busta imekufa kumbe aliyekufa ni mwenyeji.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kulazimisha, hamisha kibano cheusi kutoka kwenye chuma cha injini, ukiweke kwa muda kwenye kichwa cha hasi cha betri. Busta ikiamka ghafla, umepata taarifa ya bure: waya wa hasi unaounganisha betri na bodi au injini umelegea au umeoza, na huenda huo ndio uliosababisha gari ligome tangu mwanzo. Kama haikuamka hata hapo, basi kweli betri iko chini mno.

Kitufe cha kulazimisha (kwenye vifaa vingi kimeandikwa BOOST) kipo kwa hali hiyo. Kinaiambia busta imwage umeme bila kuuliza. Tatizo ni kwamba kuuliza ndiko kulikokuwa kunakulinda: kinga ya kugeuza chanya na hasi imezimwa, kinga ya shoti imezimwa, na vibano sasa vina umeme hata vikigusana hewani. Tazama alama za + na − kwenye ganda la betri yenyewe, si rangi za nyaya, kwa sababu kuna gari lililowahi kubadilishiwa nyaya na mtu aliyekuwa na rangi moja tu dukani. Hakikisha, kisha hakikisha tena, ndipo ubonyeze. Muda wake ni mfupi, aghalabu nusu dakika, halafu kinajizima. Kwa hiyo kaa kitini kwanza, mwenzako ndiye abonyeze; ukiwa peke yako, fungua mlango na uweke ufunguo tayari.

Kelele mfululizo na taa nyekundu karibu kila mara ni vibano vilivyogeuzwa. Ondoa, geuza, subiri taa ya kijani. Kelele bila kosa lolote la vibano yaweza kuwa joto: busta iliyoachwa kwenye gari lililofungwa juani hujizuia hadi ipoe. Baridi nayo huidhoofisha, ila dawa yake ni rahisi, iweke ndani ya koti dakika kumi na tano.

Kwa zile za kapasita, taa kutowaka humaanisha betri ya gari haina hata kile kidogo cha kunyonya. Nyingi zinakubali kujazwa kwa njia nyingine, kupitia USB au tundu la kuwashia sigara la gari jingine. Itachukua muda zaidi, lakini zitajaa.

Tik-tik-tik ya haraka

Hii ndiyo sauti ya kawaida kuliko zote. Ndani yake kuna kisa kifupi kinachojirudia: swichi ya stata (mota inayozungusha injini ili iwake) inavutwa na umeme, stata inadai ampea mamia, volti zinaporomoka, swichi inaachia, volti zinapanda, swichi inavutwa tena. Umeme upo ila hautoshi, au upo lakini haupiti.

Watu hufikiri "hautoshi" peke yake. Mimi naanza na "haupiti", kwa sababu gharama yake ni jasho tu. Tazama vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani, au terminali ya waya (kile kishikio cha chuma kinachobana kichwa cha betri) inayozunguka ukiishika kwa mkono, vinatosha kuzuia stata. Na hapa kuna mtego: kibano cha busta kikiuma kichwa cha betri chenyewe, umeme unaingia kwenye betri, lakini ili ufike kwenye stata bado lazima uvuke ule uchafu ulio kati ya kichwa na terminali. Hujaukwepa. Kwa hiyo hamisha kibano chekundu kutoka kwenye kichwa cha betri ukiume terminali ya waya wa gari, au boliti yake. Gari likiwaka hapo, betri yako huenda ni nzima. Kilichokuwa kinakusumbua ni uchafu. Fungua terminali (hasi kwanza, na hasi ndiyo irudishwe mwisho), sugua kwa brashi ya waya au msasa hadi chuma king'ae, kaza.

Angalia pia mahali ulipoweka kibano cheusi. Rangi, plastiki, grisi na vyuma vyembamba vya kushikilia mabomba havifai. Tafuta boliti nene ya injini au ndoano ya kunyanyulia injini. Kizungushe kibano kidogo ili meno yakwangue.

Yote yakiwa safi na tik-tik inaendelea, basi umeme hautoshi kweli. Kwa busta ya risasi na asidi, iache imeunganishwa dakika mbili au tatu kabla ya kujaribu tena. Betri ya gari itadokoa kidogo na kusaidiana nayo. Za lithiamu hazina mtazamo mmoja juu ya hili, nyingine zinajizima baada ya sekunde 30, kwa hiyo fuata kilichoandikwa kwenye kifaa chako.

Kama bado, shuku seli iliyopata shoti ndani ya betri ya gari. Betri ya volti 12 ni seli sita, kila moja ikitoa zaidi kidogo ya volti 2. Seli moja ikifa, maltimita husoma volti 10 na ushei hata baada ya kuchaji. Betri ya namna hiyo hunywa umeme wa busta kama mchanga unavyokunywa maji, na hakuna busta ndogo itakayoishinda. Hiyo inataka kubadilishwa.

Tak moja nzito, kisha kimya

Washa taa kubwa, mtu mwingine azitazame huku wewe unazungusha swichi. Taa zikizimika au kufifia sana pamoja na ile tak, rudi kwenye sehemu iliyopita: ni umeme au mapito yake. Taa zikibaki na mwanga uleule, umeme umefika na stata imeukataa. Brashi za ndani zimekwisha, au swichi ya stata imeungua mahali pa kugusana. Kugonga ganda la stata taratibu kwa mpini wa nyundo huku mwingine anawasha ni ujanja wa kale, na unafanya kazi mara nyingi kiasi kwamba unaweza kuudharau lakini usiutupe. Ukifaulu, usizime gari hadi ufike kwa fundi.

Mara chache sana, taa zinafifia na tak inasikika kwa sababu injini yenyewe imekwama na haizunguki hata ukiishurutisha. Kama gari lilizimika lenyewe likiwa limechemka, au lilipita kwenye maji ya kina, acha kubusti kabisa. Kulazimisha injini yenye maji ndani ya silinda kunaweza kukunja fimbo za pistoni.

Kimya, hakuna hata tik

Dashibodi inawaka lakini stata haijibu? Sogeza gia ya otomatiki kutoka P hadi N ujaribu tena. Swichi inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia huchakaa. Kwenye gari la gia za mkono, kanyaga klachi hadi chini. Kwenye gari la kitufe, kanyaga breki kwa nguvu zaidi, kwani betri iliyoisha huambatana na kanyagio gumu na swichi yake wakati mwingine haisomi mguu mwepesi. Taa yenye picha ya ufunguo au kufuli ikimweka, gari halijautambua ufunguo wako. Betri ndogo ya ndani ya rimoti ikiwa imechoka, gusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe au mahali kitabu cha gari kinapoelekeza.

Dashibodi nayo ikiwa giza hata busta ikiwa imeshika vizuri na taa yake ni ya kijani, kuna fyuzi kuu iliyokatika au waya uliochomoka. Fyuzi kuu hukatika hasa mtu anapogeuza vibano. Ukisikia mwenye gari anasema "kuna jirani alijaribu kunisaidia kabla yako", anza na fyuzi.

Magari ya mseto, yenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, yana desturi yake. Betri ya volti 12 ni ndogo na mara nyingi imefichwa kwenye buti au chini ya kiti, huku chini ya boneti kukiwa na kichwa cha chanya cha kubustia chenye kifuniko chekundu. Kazi ya busta hapo mara nyingi ni kuamsha kompyuta tu, kwa sababu injini huzungushwa na mfumo wa umeme mkubwa. Hata busta dhaifu inatosha. Nyaya nene za rangi ya machungwa si zako, usiziguse.

Injini inazunguka kivivu

Dhoruba imepita nusu, umeme unafika ila kwa uchovu. Kama maltimita ipo, iweke kwenye vichwa vya betri huku mtu mwingine akizungusha swichi. Volti zikishuka chini ya 9.6 hivi, chanzo cha umeme ndicho dhaifu. Zikibaki juu ya hapo na injini bado inajikokota, pima upande wa hasi: ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, zungusha swichi. Ukisoma zaidi ya nusu volti, waya wa hasi unakula umeme njiani. Ni kipimo cha sekunde tano ambacho kimeokoa stata nyingi zisizo na kosa.

Huenda pia busta ni ndogo kwa injini hiyo. Namba kubwa ya ampea iliyoandikwa ubavuni ni ya kilele, kitu kinachotokea kwa muda mfupi mno na kuanguka. Ampea za kuzungushia injini ndizo za kutafuta, na kwa kawaida zimeandikwa kwa herufi ndogo zaidi au hazikuandikwa kabisa. Usidanganywe na namba ya ujazo pia. "12,000 mAh" huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli moja. Ukizidisha unapata saa-wati 44 tu. Zinatosha kuwasha injini ya petroli mara kadhaa, lakini hazilingani na betri ya gari, ambayo hubeba saa-wati mia kadhaa.

Dizeli ina madai yake. Mgandamizo wake ni mkubwa, kwa hiyo stata inataka ampea nyingi zaidi, na plagi za kupasha joto zinataka umeme kabla hata stata haijaanza. Subiri taa ya plagi izime ndipo uzungushe. Ukikata subira hiyo, utakuwa umeizungusha bure injini baridi na kumaliza busta.

Kwa gari lolote, zungusha sekunde tatu hadi tano, si zaidi ya kumi, kisha pumzisha dakika moja au mbili. Waya wa vibano ukiwa wa moto hadi huwezi kuushika, umeshapita kiasi. Kwenye baridi, jaribio la kwanza likishindwa la pili huwa afadhali, kwa sababu seli za lithiamu hujipasha zenyewe zinapotoa umeme.

Inazunguka vizuri, haishiki

Ondoa vibano. Busta imemaliza kazi yake na tatizo ni jingine: mafuta, cheche, au ufunguo ambao gari halijautambua. Kama kuna harufu kali ya petroli kwa sababu umejaribu mara nyingi, injini imelowa. Kwenye magari mengi ya sindano za mafuta, kukanyaga mafuta hadi chini huku unazungusha kunafunga mafuta na kuingiza hewa. Sekunde tano hivi, kisha achia.

Limewaka, limezima mara tu vibano vilipotoka

Alteneta (mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri) haizalishi, au terminali imelegea na injini ilikuwa inaishi kwa umeme wa busta. Busti tena, washa, na kabla ya kutoa vibano pima... hapana, kipimo hicho kitakudanganya, utakuwa unasoma volti za busta. Toa vibano, na kama injini inadumu hata nusu dakika, pima haraka kwenye betri. Kati ya 13.8 na 14.5 hivi alteneta ni nzima. Ukisoma 12 na inashuka, haichaji: kagua mkanda kama upo na umekaza, kisha plagi iliyo mgongoni mwa alteneta. Taa ya betri kwenye dashibodi ikibaki inawaka inasema hilohilo.

Kuna fundi wa mtaani katika kila kizazi atakayekuambia uchomoe waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, ili "kuona kama alteneta inafanya kazi". Mkatalie. Betri ndiyo inayotuliza mirindimo ya alteneta. Ukiitoa ghafla volti zinaweza kuruka na kuunguza kompyuta ya gari.

Vilevile, usiache busta imeunganishwa baada ya gari kuwaka. Sekunde 30 zinatosha. Alteneta hurudisha umeme nyuma kuelekea busta, na si zote zenye kinga dhidi ya hilo. Toa cheusi kwanza, kisha chekundu, bila vibano kugusana.

Linawaka kwa busta kila asubuhi

Usiku mmoja wa kusahau taa ni ajali. Asubuhi tatu mfululizo ni ugonjwa, na ugonjwa huu una njia tatu tu: betri haihifadhi, alteneta haijazi, au kitu kinanyonya gari likiwa limelala.

Endesha nusu saa au zaidi, si kuliacha likiunguruma mahali pamoja, kisha likae usiku kucha. Hata hivyo ukitaka kuitendea haki betri, iweke kwenye chaja yenyewe, maana alteneta imetengenezwa kuidumisha betri iliyojaa, si kuifufua iliyoisha. Asubuhi pima kabla ya kufungua mlango wowote, kama boneti ilikwisha kuachwa wazi. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. Chini ya 11.9 imeisha.

Ikiwa ilijaa jioni na asubuhi imeshuka, ichomoe terminali ya hasi usiku unaofuata. Ikibaki juu ikiwa imechomolewa, betri ni nzima na gari ndilo linalonyonya. Weka maltimita katikati ya terminali ya hasi na kichwa chake kwenye kipimo cha ampea (anza na tundu la ampea 10, usiwashe gari wala taa kubwa), funga milango yote, subiri nusu saa kompyuta zilale. Zaidi ya milliampea 50 ni nyingi. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Washukiwa wa kawaida ni taa ya buti isiyozima, kamera ya dashibodi, kifaa cha kufuatilia gari, na redio iliyofungwa na mtu mwenye haraka.

Ikishuka hata ikiwa imechomolewa, betri imechoka. Kila inapokaa bila chaji, fuwele za salfeti ya risasi hukomaa juu ya bamba zake na hazirudi tena kuwa asidi. Ndiyo maana betri iliyolala kabisa mara nne au tano huwa haiwi ile tena hata ukiichaji wiki nzima.

Busta yako nayo ina njaa zake. Ya lithiamu ichaji kila baada ya miezi mitatu hivi hata kama hujaitumia, na baada ya kila kazi. Ya risasi inataka chaji kila mwezi, la sivyo itakuwa imekufa siku ileile utakayoihitaji. Zote mbili zikae mahali penye kivuli, na kama gari lako lina tabia ya kufunga milango kwa umeme, zisikae kwenye buti: betri ikiisha buti haifunguki, na busta itakuwa ndani.